Daktari amethibitika kughushi faili la mgonjwa, lakini amerudi kazini kwa masharti. Masharti hayo yanamlinda nani?

#1 Mwana wa Kwanza

Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane mawazo.

Miaka mitatu iliyopita mama yangu alipasuliwa ili aondolewe kifuko cha nyongo, na katika upasuaji huo daktari akaujeruhi mrija mkuu wa nyongo. Nimesoma vya kutosha sasa kujua kwamba ajali hiyo humpata hata daktari hodari, na si hiyo niliyoilalamikia. Siku ya nne macho ya mama yalianza kuwa ya manjano. Nilikaa pembeni ya kitanda chake tangu alasiri hadi alfajiri, na hakuna daktari aliyelivuta lile pazia. Tulipopata nakala ya faili tukakuta imeandikwa kwamba saa mbili usiku daktari alimkagua, akamkuta hana homa na tumbo lake ni laini. Mstari huo ulikuwa umebanwa kati ya mistari miwili ya wauguzi, kwa herufi ndogo kuliko mwandiko wake wa kurasa nyingine zote, kwa sababu nafasi haikutosha.

Baraza la madaktari lilisikiliza shauri na kuona kwamba kughushi kumbukumbu kumethibitika. Akasimamishwa miezi minne. Sasa amerudi, na mbele ya jina lake kwenye rejista yamewekwa masharti ya miezi 18: asifanye upasuaji wa njia ya nyongo bila msimamizi kuwapo, aweke daftari la kila upasuaji, awaarifu waajiri wake wote, na asipokee kazi za muda za kuziba nafasi za wengine. Swali langu ni hili: mtu aliyethibitika kuandika uongo kwenye faili la mgonjwa anarudije wodini?

#2 Mizani

Pole kwa mama. Nimewahi kusimama katika mashauri ya aina hii upande wa madaktari na, baadaye, upande wa baraza, kwa hiyo nitajibu kwa jinsi majopo yanavyofikiri, hata pale ambapo mimi mwenyewe sikubaliani nayo.

Jopo la nidhamu halikai kumwadhibu daktari kwa lililopita. Hiyo ni kazi ya mahakama ya jinai. Linaulizwa kama leo, siku ya uamuzi, uwezo wake wa kufanya kazi kwa usalama na uaminifu una kasoro. Katika shauri la Cohen la mwaka 2008 huko Uingereza, jaji aliyataka majopo yatazame mambo matatu: je, kosa linarekebishika, je, limekwisha kurekebishwa, na je, uwezekano wa kurudiwa ni mdogo sana. Mkono uliokosea kukata unaweza kufundishwa upya. Uongo ni mgumu zaidi, kwa sababu hakuna kozi ya wiki mbili inayomfundisha mtu mzima ukweli, na ndiyo maana kughushi faili mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa zito kuliko kosa la upasuaji lililofichwa kwa kughushi huko. Iko pia hukumu ya Bolton ya mwaka 1994, iliyomhusu wakili, si daktari, lakini imekuwa ikirejewa tangu hapo, kwamba heshima ya taaluma ni kubwa kuliko maslahi ya mwanataaluma mmoja.

Kwa hiyo, mleta mada, umeuliza swali sahihi. Ningependa kujua jambo moja: je, alikiri?

#3 Kalamu Nyekundu

Mizani amefafanua vizuri sana, lakini ameruka jambo ambalo kila mgonjwa analijua. Hii ni kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani. Wanaomhukumu daktari ni madaktari, wamesoma pamoja, wamekesha zamu pamoja, na kesho huenda wakahitaji huruma ileile. Isitoshe, mlalamikaji anatakiwa athibitishe pasipo shaka yoyote, kama vile anamfunga mtu jela. Nani ataweza hilo dhidi ya mtu ambaye ndiye mwenye kalamu na ndiye mwenye faili?

#4 Mizani

Kalamu Nyekundu, naomba nisahihishe mawili. Kiwango hicho cha ushahidi kimeachwa katika nchi nyingi. Uingereza waliacha kukitumia katika mashauri ya madaktari mwaka 2008, na sasa inatosha jambo lionekane lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea kuliko kutotokea. Msukumo mkubwa ulitokana na uchunguzi wa umma uliofuata mauaji ya Harold Shipman, daktari aliyewaua wagonjwa wake kwa miaka mingi.

La pili, wanaohukumu si madaktari peke yao. Tangu mwaka 2012 mashauri ya Uingereza yanasikilizwa na chombo kilichotengwa na wachunguzi wa baraza, na kila jopo lazima liwe na mjumbe asiye daktari. New Zealand wametenga baraza la usajili na mahakama ya nidhamu kwa sheria ya mwaka 2003. Nyani na ngedere wapo, sikatai, ila sasa wamekaa na jirani wa tatu.

#5 Mkunga Mstaafu

Wanangu, mimi nitazungumza juu ya masharti yenyewe, kwa sababu nimewahi kuwa sharti.

Alikuja kwetu daktari wa wanawake aliyekuwa analalamikiwa kwa kuwashika wagonjwa isivyostahili, na wakati uchunguzi ukiendelea aliruhusiwa kufanya kazi mradi awepo mtu wa tatu chumbani. Nikateuliwa mimi. Nilipewa daftari lenye safu nne: tarehe, namba ya mgonjwa, muda wa kuingia, sahihi. Hakuna aliyeniambia anatuhumiwa nini hasa, wala nitazame nini. Nilisimama kichwani pa kitanda, mahali ambapo uso wa mama mgonjwa naouona lakini mikono ya daktari siioni, na nikatia sahihi. Siku moja wodi ya kujifungulia waliniita kwa dharura, nikatoka. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa na mgonjwa alikuwa anavaa. Daktari akanisogezea daftari na kuniambia, "Mama, tia sahihi tu, umetoka dakika mbili." Sikutia. Nilikwenda kwa matroni, na hapo ndipo nilipoambiwa tuhuma kwa mara ya kwanza.

Wagonjwa wale wote walidhani nimewekwa pale kwa heshima yao. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nilikuwa hapo kwa sababu ya daktari wao. Hilo linanichoma hadi leo.

#6 Hesabu za Pembeni

Shikamoo Mama Mkunga. Uliyoyaona ndiyo yaliyoandikwa Australia. Mwaka 2017 Profesa Ron Paterson alikamilisha mapitio huru ya utaratibu huo huo wa kumweka mtu wa tatu chumbani pale daktari anapotuhumiwa kwa makosa ya kingono. Alipendekeza uachwe, kwa sababu haumlindi mgonjwa ipasavyo na mgonjwa hapewi habari anazozihitaji ili akubali au akatae kutibiwa. Ikiwa hatari ni ya kweli, zuio liwe la kweli: asione wagonjwa wa jinsia hiyo, au asimamishwe.

Kwa mleta mada naongeza takwimu mbili. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba karibu nusu ya malalamiko yote, asilimia 49, yaliwahusu asilimia 3 tu ya madaktari. Na Marekani, utafiti wa mwaka 2005 uliowalinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na mabodi na wenzao 469 wasioadhibiwa ulikuta kwamba walioadhibiwa walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi zaidi wa kuwa na rekodi ya mwenendo mbaya tangu wakiwa wanafunzi. Wanaorudia ni wachache, na dalili zao huonekana mapema. Kwa hiyo kabla ya kujadili miezi 18, ningeuliza kama hili lilikuwa lalamiko la kwanza dhidi ya daktari huyo.

#7 Zamu ya Usiku

Mimi ni daktari wa mwaka wa tatu kazini na nimesoma #1 mara mbili kwa uchungu. Hata hivyo naomba tusisahau upande mwingine. Uingereza, mwaka 2011, mtoto wa miaka sita alifariki kwa maambukizi ya damu siku ambayo Dk. Bawa-Garba alikuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi, akibeba kazi za watu zaidi ya mmoja, na mfumo wa kompyuta wa majibu ya maabara ukiwa umekwama. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafutwa kwenye rejista, kisha Mahakama Kuu ikamrudisha. Madaktari wengi walijifunza somo baya kutokana na shauri lile: usiandike popote kwamba ulikosea. Tukimfuta kila anayekosea, kesho mafaili yote yatakuwa safi na wagonjwa watakuwa wanakufa.

#8 Mizani

Mpangilio haukuwa huo, daktari. Jopo lilimsimamisha miezi 12 mwaka 2017. Baraza lenyewe ndilo lililokata rufaa likiona adhabu ni ndogo, na Januari 2018 Mahakama Kuu ikakubali afutwe. Aliyeirudisha adhabu ya kusimamishwa ni Mahakama ya Rufani, Agosti mwaka huohuo. Mwaka 2019 akaruhusiwa kurudi kwa masharti.

#9 Kalamu Nyekundu

Na katika shauri hilo hakufutwa wala kusimamishwa kwa sababu ya kughushi, kwa hiyo mfano haulingani. Daktari wa mama yake huyu ndugu hakuzidiwa na kazi saa mbili usiku. Alizidiwa na woga siku alipojua faili linaombwa. Nakubali kosa la mchovu lihurumiwe, ila kalamu inayorudi nyuma kuandika ambacho hakikutendeka haikuchoka.

#10 Zamu ya Usiku

Nakubali, na asanteni kwa masahihisho. Lakini woga huo ulitoka wapi? Hilo ndilo ninalolisema.

#11 Nimerudi

Nasoma uzi huu tangu asubuhi na nimeona ni haki niandike. Miaka tisa iliyopita nilikuwa natumia pethidini ya wagonjwa, dawa kali ya maumivu yenye uraibu. Nilikuwa naandika katika rejista ya dawa za kulevya kwamba mgonjwa amechomwa miligramu 100, naye amechomwa 50. Kwa hiyo na mimi nilighushi, Kalamu Nyekundu, na kuna watu walilala na maumivu kwa sababu yangu.

Nilisimamishwa kwa amri ya muda ndani ya siku chache baada ya mfamasia kugundua, kabla shauri halijasikilizwa. Amri za namna hiyo hazisemi kwamba una hatia, zinapima hatari tu. Baadaye nikapewa masharti ya miaka mitano. Kila asubuhi nilipiga simu kusikia kama rangi niliyopangiwa kwa vipimo imetajwa, na ikitajwa nilitakiwa niwe nimefika maabara kabla ya saa sita mchana kutoa mkojo mbele ya mtu anayenitazama. Sikuruhusiwa kugusa ufunguo wa kabati la dawa. Hata harusi ya mdogo wangu niliihudhuria nikiwa na kikopo cha sampuli ndani ya begi, kwa sababu rangi yangu ilitajwa siku hiyo.

Marekani waliwafuatilia madaktari 904 waliokuwa katika programu kama yangu, matokeo yakachapishwa mwaka 2009: asilimia 78 hawakuwa na kipimo hata kimoja kilichoonyesha dawa au pombe kwa miaka mitano ya ufuatiliaji. Masharti yanafanya kazi pale ambapo kuna kitu cha kupima na mtu wa kukipima kila siku.

#12 Hesabu za Pembeni

Asante kwa ujasiri wako, Nimerudi. Sentensi yako ya mwisho imenifikirisha kuliko takwimu zangu. Mkojo una kipimo. Ukweli wa daktari unapimwa kwa chombo gani? Daftari la upasuaji alilopewa daktari wa #1 analiandika mwenyewe, na kosa lake lilikuwa kuandika.

#13 Meza ya Ajira

Nafanya kazi katika idara ya rasilimali watu ya hospitali, na naomba niwaeleze yanakofia masharti. Barua ya baraza inakuja kwetu. Inataka msimamizi, na msimamizi ni daktari mwenzake ambaye tayari ana kliniki tatu kwa wiki. Kila baada ya miezi mitatu anatakiwa apeleke ripoti. Nimewahi kushika mkononi ripoti tatu mfululizo za msimamizi mmoja zenye sentensi ileile, neno kwa neno, hadi kosa la tahajia katika neno "ushirikiano" lilikuwa lilelile. Si kwamba aliupenda uovu. Hospitali ilikuwa na madaktari wawili tu wa fani hiyo, na mmoja akiondoka orodha ya wanaosubiri upasuaji inaongezeka mara mbili. Kwa hiyo mimi sisemi ni nyani na ngedere, wala sisemi ni falsafa ya majaji. Nasema ni uhaba. Jopo likijua kwamba hakuna wa kuchukua nafasi yake, masharti yanaonekana kuwa busara.

Wengine hata barazani hawafiki. Wanaombwa wajiuzulu kimya kimya, wanapewa barua ya sifa, wanahamia kwingine.

#14 Hesabu za Pembeni

Hilo la kuhama lina mifano iliyoandikwa. Daktari wa upasuaji Jayant Patel aliwekewa mipaka ya upasuaji Oregon, Marekani, mwaka 2000, akasalimisha leseni yake New York mwaka 2001, na mwaka 2003 akaajiriwa Bundaberg, Australia, akawa mkuu wa upasuaji. Habari za vizuizi zilikuwapo kwenye rejista za huko alikotoka; aliyetakiwa kuzitafuta hakuzitafuta. Muuguzi, Toni Hoffman, ndiye aliyepiga kelele hadi zikasikika.

Marekani wana hazina ya taarifa za madaktari iliyoanza kazi mwaka 1990, ambamo hospitali lazima iripoti ikiwa imemnyang'anya daktari haki za kutibu kwa zaidi ya siku 30. Nadhani mnaona mwanya ulipo. Na mgonjwa wa kawaida haruhusiwi kuisoma.

#15 Mwana wa Kwanza

Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nampeleka mama kliniki. Anaendelea vizuri, asanteni wote mlioulizia.

Mizani, uliuliza kama alikiri. Kwa mwaka mzima alikana. Wiki mbili kabla ya kusikilizwa, baada ya mtaalamu wa maandishi kutoa taarifa yake, akakiri, na mbele ya jopo akasema amehudhuria kozi ya maadili na kuandika tafakuri ya kurasa sita. Aliliomba jopo msamaha. Mama alikuwa amekaa safu ya pili, hatua nne kutoka alipokuwa daktari, na hakugeuka kumtazama.

Hesabu za Pembeni, hatukuambiwa kama kuna malalamiko ya awali.

Mama, tofauti na mimi, hataki afutwe. Ameniambia, "Mimi nataka aseme saa mbili usiku alikuwa wapi."

#16 Mizani

Hapo umegusa jambo linalonisumbua katika kazi hii. Majopo hutafuta kile tunachokiita utambuzi wa kosa. Daktari ana haki ya kujitetea, na kukana peke yake hakutakiwi kumwongezea adhabu. Lakini anayekana hadi mwisho atawezaje kuonyesha kwamba ametambua? Basi mawakili, na mimi nikiwamo zamani, huwaandaa: kiri mapema, hudhuria kozi, andika tafakuri. Baada ya muda tafakuri zote zinafanana, na jopo linabaki kukisia ipi imetoka moyoni. Kukiri wiki mbili kabla, baada ya mtaalamu kuandika taarifa, kwangu kungekuwa na uzito mdogo. Kwa nini jopo liliona tofauti, sababu lazima ziwe zimeandikwa katika uamuzi. Uombe wote, si muhtasari.

#17 Kalamu Nyekundu

Mizani, leo tumekubaliana, jambo ambalo halijatokea tangu tuanze kubishana humu. Ila mimi bado nashikilia kwamba sababu zitakazoandikwa zitakuwa nzuri na sababu za kweli hazitaandikwa.

#18 Zamu ya Usiku

Vipi mgonjwa aambiwe tu? Masharti yabandikwe mlangoni, kila mtu achague mwenyewe.

#19 Hesabu za Pembeni

California wamefanya kitu cha jirani na hicho. Tangu Julai 2019, daktari aliye chini ya uangalizi wa bodi kwa makosa fulani mazito lazima amwarifu mgonjwa kabla ya miadi na apate sahihi yake. Makosa hayo ni ya kingono, ya matumizi mabaya ya dawa yanayoweza kudhuru wagonjwa, ya jinai iliyowadhuru wagonjwa, na ya kuandika dawa isivyofaa. Kughushi faili peke yake hakumo.

#20 Nimerudi

Kama ningetakiwa kubandika mlangoni, naamini nisingerudi kazini, na huenda nisingekuwa hai. Katika nchi nyingi masharti yanayohusu afya ya daktari hayachapishwi, na sababu ni hiyo. Lakini sitamwambia mama wa #1 kwamba hastahili kujua.

#21 Meza ya Ajira

Na orodha ya wanaosubiri ikiwa na watu mia nne, kuchagua mwenyewe ni maneno tu. Mgonjwa mwenye maumivu atatia sahihi chochote.

#22 Mwana wa Kwanza

Mapitio ya masharti yatafanyika baada ya miezi miwili. Je, nina nafasi yoyote?

#23 Mizani

Kwa kawaida mlalamikaji si mhusika wa shauri. Wahusika ni baraza na daktari, na wewe ulikuwa shahidi. Huwezi kukata rufaa. Uingereza kipo chombo kinachosimamia mabaraza yote ya afya ambacho kinaweza kupeleka mahakamani uamuzi kikiona haukutosha kulinda umma. Kama kwenu kipo cha namna hiyo, waandikie mapema, kwa sababu siku zake huhesabiwa tangu uamuzi na huenda zimekwisha. Ila kuliandikia baraza kabla ya mapitio hakuna anayekuzuia.

#24 Mkunga Mstaafu

Mwanangu, ukiandika usiombe afutwe wala asifutwe, hilo watalijibu kwa mistari miwili. Uliza juu ya daftari. Nani anatia sahihi ya pili? Anatia siku ileile baada ya upasuaji, au mwisho wa mwezi kwa mkupuo? Je, linalinganishwa na rejista ya chumba cha upasuaji, ambayo huandikwa na muuguzi? Na uliza kama lina safu ya saa.

#25 Mwana wa Kwanza

Asante sana, mama. Ninaandika barua sasa hivi. Mama amekaa hapa pembeni, nimemsomea maswali yako yote manne, na ameniambia la safu ya saa liwe la kwanza.